Safari Iliyokuwa ya Mektrida

Karibu na Telavi, Jojia
9 Septemba 2023

Mektrida wangu,

Nimefika. Nimefika mzima, ila masikio bado yanavuma kwa ajili ya ndege na miguu imeumuka kama maandazi. Ulinikataza nisikutumie sauti. Ulisema, "Sauti nitaisikia mara moja imeisha, lakini barua nitaisoma asubuhi, nitairudia jioni." Basi naandika kwa mkono kama tulivyokuwa tunaandikiana likizo za sekondari, wewe Old Moshi na mimi Majengo. Tofauti ni kwamba siku hizi naipiga karatasi picha na inakufikia kabla wino haujakauka. Mwandiko usiucheke.

Kwanza nikuambie kinachoniuma. Kila ninapoona kitu hapa nageuka nikuonyeshe. Safari hii ilikuwa yako. Wewe ndiye mpika mbege, wewe ndiye waliyekualika uje uone wenzako wanavyotengeneza kinywaji chao. Mimi napikia tu wageni wanaokuja kutembea kihambani kwako kuona migomba na kahawa, na juu ya hayo ni Mwislamu, sionji. Hao waliokunyima viza sijui waliangalia nini.

Haya, sikiliza. Nimefikia kwa mzee Vakhtang na mkewe, Eteri. Kuna binti anaitwa Tamari, wa ule ushirika uliotualika. Wao wanasema Kijojia, yeye ananigeuzia Kiingereza, mimi nakuletea Kiswahili. Ukiona jambo halina kichwa wala miguu, ujue limepotelea njiani.

Ghala lao lina sakafu ya udongo yenye matundu ya mviringo. Nilidhani ni visima. Mzee akafunua kimoja nikachungulia: ni mtungi, Mektrida! Mtungi wa udongo mkubwa hivi kwamba mtu mzima huingia ndani kuuosha, na umezikwa ardhini mpaka shingoni. Humo wanamimina juisi ya zabibu pamoja na maganda na vijiti vyake, inachacha yenyewe, kisha wanaufunga mpaka baridi yao iishe.

Mavuno yameanza. Tunakata zabibu asubuhi, mikono inanata mpaka nyuki wanatufuata nyumbani. Eteri anapika mkate katika tanuri la udongo lililosimama kama pipa. Anainama mpaka unadhani atatumbukia, anaubandika unga uliokandwa ukutani kwa ndani, unatoka mrefu na moto, na anakupa hapo hapo na jibini. Habari ya nyama ya nguruwe niliwaambia siku ya kwanza, na hawakuuliza mara mbili.

Ng'ambo ya bonde kuna milima yenye theluji, safu nzima, sio mmoja kama wetu. Leo nimesimama nje na mswaki mdomoni nikajikuta namtafuta Mawenzi wa mlima wetu.

Msalimie shemeji Sirili. Mama mkwe wako, Mama Theodora, mpe shikamoo yangu.

Wako,
Hadija


Old Moshi
14 Septemba 2023

Hadija,

Barua yako nimeisoma na kuirudia mpaka Sirili ameuliza kama imetoka kwa mwanamume.

Mambo ya viza tuyaache. Yameshapita. Wewe ndiye uliyeko huko, basi nitumikie. Nataka kujua. Hiyo divai (mimi nasema divai, kama kanisani) inachukua muda gani kabla haijaanza kuchacha? Wanatia kitu cha kuianzisha, kama sisi tunavyotia ulezi, au inaanza yenyewe kweli? Inanukaje siku ya kwanza, na siku ya tatu? Nani anaonja kwanza? Na hao wanaoosha mitungi, wanaosha kwa sabuni? Wakisema sabuni nitasikitika.

Usiniambie "ni nzuri sana". Wewe sio mtalii.

Huku hakuna jipya. Mbege nimepumzika kupika kwa muda. Mgongo. Wageni wakija wanaonyeshwa kahawa tu, wanakoboa, wanatwanga, wanakunywa, wanaimba, wanaondoka. Wanamuulizia yule mama wa ndizi nyama. Nimewaambia ameenda Ulaya kula zabibu.

Nimekaa sana kibarazani siku hizi. Mama Theodora ananiletea chai hapa hapa kama mgonjwa, hata simwelewi.

Andika upesi, na uandike ndefu.

Mektrida


Karibu na Telavi
22 Septemba 2023

Mektrida mpenzi,

Hawaoshi kwa sabuni. Furahi. Wanasugua kwa maji na brashi ya magome ya mti, na kwa ndani mtungi umepakwa nta ya nyuki. Hawatii kitu cha kuianzisha pia. Mzee anasema ganda la zabibu linakuja na kazi yake lenyewe.

Anayeonja kwanza ni mwenye nyumba. Lakini hapa hakuna kunywa ovyo. Mezani wanamchagua mtu mmoja, na yeye ndiye anayesema watu wanywe kwa ajili ya nini. Anasimama, anaongea, wengine kimya. Akimaliza ndipo glasi zinainuliwa. Wanakunywa kwa ajili ya amani, halafu wageni, halafu waliokufa, na hapo hakuna anayecheka. Halafu watoto.

Jumamosi msemaji alikuwa mzee Vakhtang. Alipofika kwenye wageni alinitazama mimi, akaongea kirefu, kisha akaninyooshea pembe iliyojaa mvinyo. Meza nzima ikageuka.

Nikamwambia Tamari, "Mwambie nashukuru sana, lakini dini yangu hainiruhusu."

Tamari akamwambia. Mzee akaishusha pembe, uso ukasawijika.

"Anauliza kama mvinyo wake una kasoro," Tamari akaninong'oneza.

"Hapana jamani! Mwambie hata mbege ya rafiki yangu sijawahi kuonja, na nimekaa naye dawati moja sekondari yote."

Mzee akauliza, "Na huyo rafiki yako hakasiriki?"

"Hajawahi. Siku anapochemsha ndizi hunichotea supu yake ikiwa bado tamu, haijalala ikachacha. Hicho ndicho kikombe changu."

Tamari alipomaliza kutafsiri, mzee akainuka akatoka. Nikajua nimeharibu. Akarudi na jagi la juisi iliyokamuliwa mchana ule, akanimiminia yeye mwenyewe. "Hii bado ni mtoto," akasema, na meza yote ikacheka, tukainua.

Kesho yake alinipeleka ghalani, akanionyesha kwa ishara nipige magoti na nitege sikio kwenye mdomo wa mtungi. Mektrida, mvinyo unaongea! Unaguguma kama chungu cha maharage kilichoachiwa makaa machache, unanyamaza, unaanza tena. Siku ya kwanza ulinuka zabibu tu. Sasa kuna harufu ya hamira, na chini yake kitu kama shamba lililonyeshewa. Nilikaa pale mpaka magoti yakauma.

Eteri ananifundisha kutunga kokwa zinazofanana na korosho kwenye uzi, kuzichovya katika uji mzito wa juisi ya zabibu na unga, na kuzitundika zikauke. Jiko lake limejaa, zinaning'inia kama mishumaa. Yeye anasema Kijojia, mimi Kiswahili, mikono inamalizia.

Mgongo gani huo? Wewe uliyekuwa unashusha sufuria la mbege peke yako? Nenda hospitali, usinichezee.

Hadija


Old Moshi
27 Septemba 2023

Hadija,

Leo kidogo tu.

Hiyo ya kutega sikio nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Nimefumba macho nikausikia.

Mgongo upo tu. Usiniulize mgongo, niambie habari za watu. Na wakikuuliza juu yangu, waambie nilishindwa kuja, basi, usiendelee.

Eteri mwambie ana bahati kuwa na wewe jikoni, ila asikuruhusu kuonja onja kabla chakula hakijafika mezani.

Mektrida


Karibu na Telavi
3 Oktoba 2023

Mektrida,

Leo sikusalimii.

Asubuhi tulikuwa tunachambua zabibu, mimi na Tamari. Akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Tulisikitika sana rafiki yako alipojiondoa. Viza yake ilikuwa imeshatoka. Alitupigia simu mwenyewe, akatusihi nafasi upewe wewe."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Kwa hiyo hukunyimwa. Ulinitazama usoni, jikoni kwako, ukaniambia umenyimwa viza, na mimi nikalia kwa niaba yako. Ukanipa na kanga ya kufutia machozi!

Nimefikiri siku nzima ni kwa nini, na nimepata sababu moja tu. Tangu Nurdin anipe talaka akaenda kuoa Himo, kila mtu ananitazama kama kuku aliyenyeshewa. Jirani ananiletea sahani ya wali sijamwomba. Kwenye kikundi chetu cha akina mama wanapunguza sauti nikiingia. Wewe peke yako ndiye uliyeendelea kunitania na kunigombeza kwamba sufuria zangu hazijatakata. Nilisema, angalau yupo mmoja asiyenihurumia. Kumbe wewe ndiye uliyenihurumia kupita wote, mpaka ukanipa safari nzima na kuifunga kwa uongo nisijue kilichomo ndani.

Ungeniambia tu, "Hadija, nenda ukapumzike na maneno ya watu," ningekataa mara mbili, ya tatu ningekubali. Lakini kudanganywa na wewe!

Na sasa wanataka siku ya karamu ya kufunga mavuno nisimame nieleze habari za mbege. Mimi. Niwaambie nini?

Usijibu kama utajibu habari za mgongo.

Hadija


Old Moshi
11 Oktoba 2023

Mama Mikidadi,

Shemeji Hadija, salamu kutoka huku nyumbani. Ni mimi Sirili, natumia simu ya Mektrida kwa sababu nimebaki nayo mimi. Sisi sote hatujambo isipokuwa Mektrida, ambaye amelazwa kidogo huko mjini. Ni malaria. Usiwe na wasiwasi.

Mvua za vuli bado hazijashika vizuri lakini maharage yameota. Kahawa inaiva kwa zamu, nachuma peke yangu. Yule ng'ombe mwenye baka amezaa ndama jike. Mama anakusalimu sana.

Barua yako ya tarehe 3 iliingia simu ikiwa mkononi mwangu. Niliisoma, samahani, sikujua ni ya namna ile. Sijamwonyesha. Naomba tuiache kwanza mpaka apate nguvu.

Anakula. Wauguzi wanamwangalia vizuri. Daktari amesema alalie ubavu wa kushoto, asisimame bila sababu na asibebe kitu chochote, basi tunafuata hivyo hivyo.

Mimi sijazoea kuandika barua ndefu.

Sirili


Karibu na Telavi
11 Oktoba 2023

Shemeji Sirili,

Nimezaa watoto wawili, Mikidadi na Shida, na malaria nimeugua sijui mara ngapi. Hakuna daktari aliyewahi kuniambia nilalie ubavu wa kushoto kwa ajili ya malaria. Maneno hayo niliambiwa nikiwa na mimba.

Sikuulizi, shemeji. Kama amekuapisha, kaa na kiapo chako. Ila hiki kinachofuata mpelekee leo, akisome mwenyewe.

Mektrida,

Usiseme kama hutaki kusema. Najua kwa nini umenyamaza, nilikuwepo zile mara tatu. Nilikuwepo tulipokaa sokoni Mbuyuni kuchagua vitambaa vya nepi, na nilikuwepo ulipovigawa kwa watu huku unacheka ili wasijue wakutazame vipi.

Nilikuandikia barua mbaya. Sirili ameificha, Mungu ambariki. Mwambie aifute. Nilikuwa nimekasirika kwa jambo ambalo sikulijua.

Sasa nimekaa hapa. Huku wanacheka, wanaimba nyimbo zao za sauti nyingi, na mimi nakuona wewe umelala na dari juu yako. Tamari amesema tiketi inaweza kubadilishwa. Sema neno moja tu, nakuja.

Hadija


Moshi, wodini
14 Oktoba 2023

Hadija,

Usije. Ndilo neno lenyewe.

Nesi amenipa sinia la chai niandikie juu yake, nimelala ubavu, kwa hiyo mistari itapanda mlima.

Nina mimba. Ndiyo mara ya kwanza nayaandika maneno hayo, na nimeyaangalia kidogo kabla ya kuendelea. Mwezi wa saba unaingia.

Zile mara tatu nilitangaza mapema. Jumuiya ya kanisani wakaniombea, mawifi wakaleta kanga, na kila mara nikalazimika kuzunguka nikimwambia huyu na yule kwamba hakuna tena. Mtu anakutania njiani, "Vipi, bado tu?" na unasimama hapo na kapu lako la ndizi unamweleza. Safari hii nikasema asijue mtu ila Sirili. Mwili wangu unaujua, mkubwa, na vitenge vinafunika mengi.

Viza ilitoka Agosti. Wiki ile ile nikapimwa, wakasema kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia. Nisipande ndege, nisiinue hata sufuria. Ndipo nikapiga simu ile.

Barua yako ya hasira nimeipata. Sirili alikataa kunipa, nikamwambia nitashuka kitandani niichukue mwenyewe, akanirushia simu mbio. Umepatia, nilikudanganya, na nisamehe. Lakini kuhusu huruma umekosea kabisa. Nilikuchagua kwa sababu ukiingia jikoni kwa mtu, ukitoka unajua chumvi aliitia saa ngapi. Ningempeleka mwingine angeniletea picha amesimama mbele ya kanisa. Na ningekuambia ukweli usingeondoka. Ungekaa hapa kwenye kiti cha plastiki unanitazama tumbo, na kama lingetokea lile lililotokea zamani, tungebaki sote wawili mikono mitupu.

Mama Theodora nilidhani nimemficha. Siku damu ilipoanza aliingia chumbani na begi limeshafungwa: nguo zangu, beseni, kanga mbili mpya. Nikamwuliza, "Mama, umejua lini?" Akasema, "Tangu ulipoacha kupuliza moto." Miezi yote hiyo alikuwa anaamka kabla yangu kwenda kuchota maji, na mimi nikadhani uzee umemnyima usingizi.

Damu imesimama. Mtoto anacheza, hasa nikisoma barua zako, au labda ni mimi ninayecheka.

Sasa karamu. Waambie hivi. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinageuka nyekundu, kisha zinaachwa zilale siku kadhaa. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Gome la msesewe linatiwa kidogo ili kuwe na uchungu. Ukizidisha, watu wataumwa kichwa na watakutaja kwa jina. Ndizi zinachujwa, vinachanganywa, kesho yake ni mbege. Na mpishi huonja mbele ya watu kabla hajamkabidhi mtu mwingine kata ya kunywea. Hilo usiliruke. Usipike, eleza tu. Inatosha.

Mektrida


Karibu na Telavi
21 Oktoba 2023

Mektrida,

Nimetii. Sijabadilisha tiketi. Lakini niliposoma "nina mimba" nilitoka nje nikazunguka nyumba, Eteri akadhani nimefiwa.

Jumatano tulipelekwa kwa mfinyanzi wa ile mitungi. Hana gurudumu. Anazungusha udongo kwa mikono ukingo kwa ukingo, upana wa kiganja hivi, halafu anauacha na kwenda kwenye mtungi mwingine. Nikamwuliza kwa nini asiendelee tu amalize. Akasema, "Huu wa chini haujakaza. Nikiongeza leo utabomoka wote." Ana mitungi mingi imesimama nusu nusu, kila mmoja unasubiri zamu yake, naye anaipita akiigusa kwa vidole. Nilimtazama mpaka Tamari akaja kunivuta.

Jana ndiyo ilikuwa karamu. Nilipika pilau ya kondoo. Viungo nilikuja navyo, nilijua watakuwa hawana. Sufuria ilirudi tupu. Kisha nikasimama nikaeleza mbege kama ulivyosema, sikuruka kitu. Maswali yalikuja, tena ya watu wa kazi: ulezi unaota siku ngapi, gome ni la mti gani. Nilichojua nilijibu. Nisichojua nilisema, "Hilo mtamwuliza Mektrida." Mzee Vakhtang akalishika jina lako. Mekterida, anasema. Akauliza utafika lini.

Nikamwambia umelazwa, na nikamwomba, kama inaruhusiwa, asimame kwa ajili yako. Sikusema zaidi. Akasimama. Hakuongea kirefu safari hii. Eteri alikuwa amekaa mbele yangu. Alinitazama, akaweka kiganja tumboni mwake, akainua nyusi. Nadhani uso wangu ulijibu. Asubuhi hii nimemwona anaenda kanisani na mshumaa. Mimi nimeswali kwenye kona ya chumba changu, nikarefusha sijida.

Nitafika Moshi Novemba tarehe tano. Kaa ubavu wako wa kushoto. Usiwe mbishi.

Hadija


Moshi
24 Oktoba 2023

Mama Mikidadi,

Jana asubuhi Mektrida alitoka damu nyingi. Wakampeleka upasuaji. Ni mtoto wa kike. Ni mdogo sana, hakufika hata kilo moja na nusu. Wote wawili wako hai. Mektrida ameongezewa damu, anazungumza kidogo. Mtoto yuko chumba cha njiti, ana mpira puani. Bado sijamshika.

Hawajatuambia zaidi na mimi siongezi.

Nimeandika yote kwa sababu Mektrida alisema safari hii nisifiche. Samahani kwa ile ya malaria.

Sirili


Moshi, wodi ya njiti
2 Novemba 2023

Hadija wangu,

Simu zako nimeziona. Sikupokea kwa sababu humu ndani haturuhusiwi, na kwa sababu ningeisikia sauti yako ningelia, na nikilia kidonda kinavuta.

Nakaa sasa. Natembea kwa kushika ukuta. Damu niliyoongezewa ilitoka kwa watu wawili ambao sitawajua, nawaombea hivyo hivyo bila majina.

Anaitwa Theodora, jina la bibi yake mzaa baba, kama desturi. Padri alikuja siku ya pili akambatiza humu humu, maana siku ile hakuna aliyekuwa na uhakika. Bibi mwenyewe alisimama dirishani akamwangalia, akasema, "Jina langu ni kubwa, amelivaa kama koti la baba yake." Ndipo nikacheka mara ya kwanza, nikashika mshono.

Kifua cha mama ndicho kinachomtia joto. Wanamvua nguo, abaki na nepi na kofia, wanamweka kati ya matiti, wanatufunga pamoja kwa kanga. Nikichoka anapokea Sirili. Hadija, ungemwona! Anafungua shati, anakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, hakohoi, hajikuni. Juzi nzi alitua puani kwake akamwacha atembee mpaka alipochoka mwenyewe.

Watu wamejua. Jumuiya yote, kikundi chote, na hata wanaouza ndizi pale nje ya geti. Wanakuja, hawaruhusiwi kuingia, wanaacha maua na chupa za uji. Nilikuwa nadhani nikiona watu wamejua nitaogopa. Siogopi tena hilo. Namwogopa Mungu tu, na mizani ya asubuhi, maana siku za kwanza ilikuwa inashuka.

Maziwa nayakamua kwenye kikombe, wanamlisha kwa ule mpira. Kila siku nesi anasema nimweke kwenye titi hata kama hanyonyi, azoee harufu. Namweka, analala. Namweka tena, analala. Mama wa kitanda cha pili aliniambia wake alichukua wiki tatu, na wa kitanda cha tatu alihamisha macho.

Leo baada ya wao kumpima nilimweka kama kawaida. Nilikuwa hata simwangalii, natazama dirishani mawingu yakiuziba mlima. Nikahisi kitu. Nikatazama chini. Alikuwa anageuza kichwa, anatafuta, mdomo wazi kama kifaranga. Akakosa. Akatafuta tena. Akashika. Nilitaka kumwita nesi, nikaogopa kumshtua. Akavuta, akapumzika kama mtu aliyepanda kilima, akavuta tena, na maziwa yakamchuruzika pembeni mwa mdomo.

Nesi akapita, akasimama. Akainama, akasikiliza anavyomeza.

"Mama," akasema, "huyu ameanza."

Hawajautoa mpira bado, wanasema tusubiri. Lakini amenyonya, Hadija, tena jioni hii amerudia. Naishia hapa. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili una mtu.

Mektrida